Nyayo za Sarafu, Kisiwani hadi Lindi

Sarafu ya Kilwa haina tarehe, na zile za shaba hazina hata jina la mji uliozitoa. Ni kipande chembamba, upana wake kama sentimita mbili. Upande mmoja limeandikwa jina la sultani kwa Kiarabu. Upande wa pili yamo maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyotungwa yashike kina cha jina lile. Ali bin al-Hasan, Sulaiman bin al-Hasan, al-Hasan bin Sulaiman: kila mmoja na kina chake, nusu mbele na nusu nyuma, hata anayetaka kuusikia usemi ukikamilika lazima aigeuze sarafu mkononi. John Walker wa British Museum alizichambua mwaka 1936, na tangu hapo wanahistoria hawajaacha kuzigombania, kwa sababu jambo wanalotamani zaidi kulijua sarafu hizi hazilisemi. Hazisemi zilipita mikononi mwa nani.

Siku hizi pwani hii ina sarafu nyingine, isiyoshikika, na ukimya wake ni wa upande wa pili. Tazama mfululizo huu: 1A1zP1eP5QGefi2DMPTfTL5SLmv7DivfNa. Hiyo ni anwani ya kwanza ya Bitcoin. Tarehe 3 Januari 2009 iliandikiwa sarafu 50, ambazo kwa jinsi programu ilivyotungwa haziwezi kutoka tena, na tangu wakati huo watu wa kila pembe wameitumia vijisehemu vya sarafu kwa heshima au kwa mzaha. Kila kilichoingia kinaonekana: kiasi, wakati, anwani kilikotoka. Mwenye simu na bando anaweza kuyasoma hayo akiwa Kilwa Masoko au Muscat. Jina la mwenyewe halimo.

Sarafu ya Kilwa ina jina bila njia. Anwani hii ina njia bila jina. Nilikwenda Kilwa na wazo hilo kichwani, nikitaka kulipitisha kwenye mawe yenyewe nione kama litasimama.

Basi la Mtwara hukushusha Nangurukuru, njia panda yenye mihogo ya kukaanga na vijana wa bodaboda wanaokuita kabla mguu haujagusa chini. Kutoka hapo barabara inakata kuelekea baharini, inaacha njia ya Kilwa Kivinje pembeni, inaishia Kilwa Masoko. Kibali cha kuzuru magofu unakichukua Masoko, unaandika jina lako katika kitabu cha wageni, unalipa, unapewa mwongozaji. Mkondo wa kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani ni kama kilomita mbili. Upepo ukikubali mashua inapandisha tanga. Usipokubali, nahodha anawasha mashine na mazungumzo yote yanakufa.

Jengo la kwanza unaloliona ni Gereza. Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji Julai 1505, wakajenga ngome, na kufika 1512 walikuwa wameshaondoka. Kuta zinazosimama leo kwa sehemu kubwa ni za enzi ya Waomani. Wageni hupenda kupiga picha pale, lakini kwa habari za sarafu Gereza halina la kusema. Mwongozaji wangu, mzaliwa wa kisiwa, alinipeleka moja kwa moja kwenye Msikiti Mkuu, akanionyesha sehemu ya kaskazini iliyo kongwe, ya karne za 11 na 12, kisha ule ukumbi wa kuba ulioongezwa baadaye. Akaniambia mvua kubwa ikipiga, shaba hujitokeza yenyewe ufukweni. “Ukiiokota unaipeleka ofisini,” alisema, “si mali yako.” Ni kweli, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ndivyo inavyotaka. Nilimuuliza kama watoto huwa wanaipeleka. Akacheka.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na mji, juu ya jabali linalotazama bahari, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane ambalo mpaka leo linakufanya utamani kulijaza maji. Aliyeijenga ni al-Hasan bin Sulaiman, yule yule wa kwenye sarafu, na jina lake limekutwa pia katika maandishi ya jiwe pale pale. Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331 na akaeleza kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyaweka mambo haya pamoja: jina katika jiwe, jina katika kitabu cha msafiri, jina katika shaba, na baadaye zikajulikana hata sarafu tatu za dhahabu za sultani huyo. Mara chache katika historia ya pwani yetu mtu wa karne ya 14 anathibitishwa na mashahidi wengi hivyo.

Lakini si kila jina limepata mtu wake. Katika sarafu za Kilwa kuna zilizoandikwa Nasir al-Dunya, yaani mnusuru wa dunia. Tarehe ya Kilwa, yaani ile historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo Mreno João de Barros alikuwa na nakala ya habari zake alipochapisha kitabu chake mwaka 1552, inataja masultani mmoja baada ya mwingine. Nasir al-Dunya hayumo. Sarafu zake zipo, zimeokotwa, zimepimwa, zimechorwa. Mtu hajulikani. Huenda ni lakabu ya sultani tunayemjua kwa jina jingine, na wataalamu wamependekeza hili na lile. Kwangu ndiye mtu wa kuvutia kuliko wote katika orodha hii, kwa sababu alitoa fedha, fedha ikakubaliwa sokoni, na wala hatukuhitaji kumjua.

Satoshi Nakamoto ni jina la namna hiyo hiyo. Tarehe 31 Oktoba 2008 mtu au watu waliotumia jina hilo walisambaza andiko la kurasa tisa likieleza fedha isiyo na benki. Miezi miwili baadaye wakawasha mtandao. Kufika 2011 wakanyamaza. Fedha yao imeendelea bila wao. Tofauti ni kwamba Nasir al-Dunya alikuwa na jeshi, ardhi na ushuru wa bandari nyuma ya shaba yake, na jina juu ya sarafu lilikuwa dhamana. Nakamoto aliweka hesabu mahali pa dhamana, na hapo ndipo anwani inapoingia.

Pochi ya kripto haina sarafu ndani. Ina namba. Programu ikifunguliwa mara ya kwanza huchagua kwa bahati nasibu namba moja kubwa mno, ya biti 256, inayoweza kufikia tarakimu 78. Huo ndio ufunguo wa siri. Namba hiyo hupitishwa katika hesabu ya mkunjo wa duaradufu ikatoka namba ya pili, ufunguo wa wazi. Kwa anwani za mtindo wa kwanza wa Bitcoin, zinazoanza na 1, ufunguo wa wazi nao husagwa kwa kanuni inayoitwa SHA-256, kisha RIPEMD-160, mpaka kikabaki kifupisho cha biti 160. Kifupisho hicho kikiandikwa kwa herufi na tarakimu ndicho anwani. Kila hatua ni nyepesi ukienda mbele, na hakuna anayejua njia ya kurudi nyuma: kutoka anwani hupati ufunguo wa wazi, na kutoka ufunguo wa wazi hupati wa siri.

Hakuna ofisi inayosajili anwani hizi. Unaweza kuitengeneza simu ikiwa haina mtandao kabisa, na hakuna wa kukuuliza kitambulisho. Wala hakuna hofu ya kugongana na mwenzako, kwa kuwa anwani zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 49. Waliozibuni walifikiria hata jicho la binadamu: katika mtindo ule wa kwanza sifuri haitumiki, wala O kubwa, wala I kubwa, wala l ndogo, kwa sababu hufanana. Mwishoni mwa anwani hukaa herufi chache za ukaguzi zinazotokana na zile zilizotangulia, hivyo ukikosea herufi moja pochi inakataa kutuma. Anwani mpya zaidi huanza na bc1, na kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo. Za Ethereum huanza na 0x, kisha alama 40. Mtandao wa Tron hutoa zinazoanza na T, na hizo ndizo utakazoziona zaidi katika simu za vijana wa kwetu wanaopokea dola za kidijitali za USDT.

Nikitaka kumweleza mtu wa Kisiwani nafasi ya anwani, ningemwambia afikirie sanduku la sadaka la kioo mlangoni pa msikiti. Kila apitaye anaona mna kiasi gani, kila atakaye anatia, na ufunguo ni mmoja. Ila sanduku hili halina jina la msikiti, na ufunguo haufungui mlango wowote. Unachofanya ni kutia saini. Mwenye ufunguo wa siri anasaini agizo la kuhamisha, mtandao unaihakiki saini kwa ufunguo wa wazi bila kuuona wa siri, na agizo linaandikwa katika daftari ambalo maelfu ya kompyuta zina nakala yake, ukurasa mmoja umefungwa kwa alama ya ukurasa uliotangulia. Ukibadilisha mstari wa zamani, kurasa zote zilizofuata zinakuumbua.

Kabla ya kuondoka Kisiwani nilikaa kidogo Makutani, jumba la kifalme lenye kuta nene ambalo sehemu yake kubwa ni ya karne ya 18. Mwanzoni mwa karne hiyo aliyetawala hapa alikuwa mwanamke, Mfalme Fatima, na barua yake ya 1711, ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, imo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, pamoja na barua nyingine za zama hizo. Ni katika maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyobaki. Barua za watu wale huanza kwa majina na salamu, salamu kwa wingi, kabla ya neno lolote la haja. Kwao kumfikishia mtu kitu bila kumtaja kungekuwa utovu wa adabu.

Songo Mnara ni safari ya mashua tena, kusini mwa Kisiwani, na mwisho wake unateremka majini unatembea kwenye tope kati ya mikoko. Mji huu ulikaliwa kwa muda mfupi, kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 mpaka karibu 1500, kwa hiyo umebaki kama ulivyopangwa: nyumba za mawe, viwanja vya wazi, makaburi katikati ya mji. Unesco iliuweka pamoja na Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikauingiza katika orodha ya hatari 2004, ikautoa 2014. Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, waliochimba hapa kwa miaka kadhaa, walikuta sarafu za Kilwa kwenye makaburi, zikiwa na vijiwe vyeupe. Watu walikuja kuzuru wafu wao wakaacha shaba. Fedha ile ile ya kununulia mtama ilikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote.

Walikuta pia akiba iliyofukiwa mahali pamoja, sarafu za shaba zaidi ya 300. Huenda mtu alizificha akijua atarudi. Hakurudi.

Hapa wazo langu lilianza kuwa zito zaidi. Akiba ile ilikaa zaidi ya miaka 500, na kwa muda wote huo hakuna aliyejua kwamba ipo. Ilipoonekana ikawa ya kila mtu, ya taifa, ya sayansi. Mwenye kripto akipoteza ufunguo mambo huenda kinyume kabisa. James Howells wa Newport, Wales, alipoteza mwaka 2013 diski ya kompyuta iliyotupwa jalalani ikiwa na ufunguo wa bitcoin zinazokaribia 8,000. Kwa miaka ameziomba mamlaka za mji ruhusa ya kulichimba jalala, na Januari 2025 mahakama ikaitupa kesi yake. Sarafu zenyewe hazijapotea hata kidogo. Zinaonekana, katika anwani inayojulikana, na jina la mwenyewe safari hii linajulikana vizuri mno. Hakuna anayeweza kuzigusa, yeye akiwa wa kwanza. Ukifukua jalala zima bila kupata diski ile, umefukua takataka.

Ndiyo maana pochi nyingi leo, zikifunguliwa, humpa mtu maneno 12 au 24 ya kuandika kwenye karatasi. Maneno hayo ndiyo ufunguo kwa sura nyingine: huchaguliwa katika orodha maalumu ya maneno 2,048, na ukiyatia katika simu mpya kwa mpangilio ule ule, anwani zako zote zinarudi. Orodha rasmi zipo za Kiingereza, Kijapani, Kihispania, hata Kicheki. Ya Kiswahili haimo. Basi mvuvi wa Songo Mnara akitaka kuficha akiba yake namna hii leo, itambidi aikariri kwa lugha ya watu, na akikosea neno moja amefukia na ramani. Anayeomba aonyeshwe maneno hayo, awe amejiita msaada kwa wateja au nani, ni mwizi. Hakuna sababu halali hata moja ya kumwonyesha.

Sarafu za Kilwa hazikubaki Kilwa. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe, upande ilikotoka dhahabu ya bandari ya Sofala. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, akilinda kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yake, aliokota mchangani sarafu tisa. Akazitia kwenye kopo. Zilipokuja kutambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, nne zilikuwa za kampuni ya Kiholanzi ya VOC, na tano za Kilwa. Kutoka hapa mpaka pale ni bahari nzima ya Hindi na zaidi. Zilibebwa na nani? Baharia wa Kimakassar aliyefuata majongoo ya bahari? Mreno? Mtu aliyezikusanya karne nyingi baadaye kwa kupenda vitu vya kale? Msafara wa wataalamu ulikwenda huko 2013, na swali likabaki swali. Jina la sultani limefika Australia, lakini njia yake imezama.

Sarafu tano hizo zingekuwa za mnyororo wa kidijitali, msafara ule usingehitajika. Kila mkono ungekuwa mstari: anwani hii, siku hii, kwenda anwani ile. Tungeiona njia yote kutoka Kisiwani mpaka Wessel, na tungebaki tukikuna vichwa kuhusu jambo jingine, yaani mikono ile ilikuwa ya akina nani.

Kivinje iko nyuma tena, karibu na Nangurukuru, na watalii wachache huteremka. Nyumba za Wahindi na za Wajerumani zinaanguka polepole kandokando ya barabara ya ufukweni, milango ya nakshi ikining’inia. Karne ya 19 huu ndio uliokuwa mji, si Kisiwani. Misafara ya kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa, na iliyobeba zaidi ni watu.

Biashara hiyo ilikuwa na makaratasi. Tangu 1776, Septemba, Mfaransa Jean-Vincent Morice alikuwa ameshaandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa watumwa 1,000 kwa mwaka, piasta 20 kwa kila mmoja. Katika mkataba ule mna jina la mnunuzi na cheo cha muuzaji, idadi na bei. Baadaye forodha za dola ya Zanzibar zikakodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, na kila kichwa kilichopita kikatozwa ushuru, ndiyo sababu vichwa vikahesabiwa. Ni kutokana na hesabu za namna hiyo balozi wa Uingereza, Rigby, aliweza kutoa idadi ambayo Livingstone aliitangaza duniani: watumwa 19,000 kwa mwaka kutoka nchi za Nyasa pekee, wakipita forodha ya Zanzibar. Wengi wa waliotoka huko bandari yao ilikuwa hii. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga njia ya bahari, Juni 1873, misafara ikageukia nchi kavu. Frederick Elton aliyetumwa na Waingereza kupita njia hiyo kati ya Dar es Salaam na Kilwa, mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alikutana nayo akahesabu tena, kwa maelfu.

Kwa hiyo njia inajulikana. Tunaijua bandari, msimu, jahazi, kiwango cha ushuru, faida ya mkodishaji. Safu ya majina haikuwapo. Wazao wa waliouzwa wako Zanzibar, Pemba, Oman, Reunion, na wengi hawana pa kuanzia kutafuta, kwa maana daftari lililowaandika halikuwaandika wao.

Sifananishi biashara ile na mtu anayetumiana dola za kidijitali. Hilo lingekuwa tusi kwa wafu. Nasema juu ya daftari. Wapenzi wa kripto hupenda kusema kwamba daftari la wazi ni haki yenyewe, kwamba likionwa na wote basi hakuna wa kudhulumiwa. Kivinje inanifanya nisite. Daftari linaweza kuwa sahihi kila mstari na bado likawaacha wenyewe nje, na wizi mkubwa wa kripto umefanyika hadharani, kila hatua ikiandikwa na kompyuta zote za mtandao. Bitcoin 119,754 zilizoibwa katika soko la Bitfinex mwaka 2016 zilionekana zikitoka. Watu walizitazama kwa miaka.

Zilirudi vipi? Si kwa kuivunja hesabu. Wachunguzi wana mbinu zao. Malipo mamoja yakitoka kwenye anwani tatu kwa pamoja, wanachukulia kwamba zote tatu zina mwenye mmoja, kwa sababu aliyesaini anazo funguo zote. Chenji nayo ina habari: pochi ya Bitcoin ikilipa sehemu ya kilichomo, kinachobaki hupelekwa anwani mpya ya yule yule mlipaji, na jicho lililozoea huitambua. Hivyo anwani zinakusanywa mafungu mafungu, mpaka fungu moja liguse mahali palipodai kitambulisho. Februari 2022 Marekani ilikamata bitcoin zaidi ya 94,000 za wizi ule, na mume na mke waliokamatwa New York wakaja kukiri makosa mwaka uliofuata. Njia ilisubiri jina kwa miaka mitano na zaidi.

Lindi mjini nilifikia kwa mpwa wangu, mwenye kibanda cha vifaa vya simu, anayefanyia pia kazi za usanifu wateja wa nje. Wanamlipa kwa USDT. Ulikuwa msimu wa ufuta, na mbele ya kibanda wakulima walikuwa wakibishana juu ya bei ya mnada uliopita. Huku Kusini zao linapita ghalani, mkulima anapewa stakabadhi yenye jina lake na kilo zake, mnada unafanyika, na malipo yanaingia akaunti iliyo na jina hilo hilo. Huchelewa, watu hulalamika, lakini jina halichanganyiki.

“Mjomba, tazama hii,” mpwa akanipa simu. Kwenye orodha ya miamala kulikuwa na anwani mbili, zote zinaanza na T, herufi nne za mwanzo sawasawa, nne za mwisho sawasawa. Moja ni ya mteja anayemrudishia pesa akizidisha. Nyingine ilimletea kiasi kidogo mno, hata senti haifiki, siku moja baadaye. Nikaangalia katikati, herufi kwa herufi, ndipo nikaona hazihusiani kabisa. Huo ni mtego unaojulikana: tapeli huzalisha anwani kwa mamilioni mpaka apate inayofanana na ya mtu unayemlipa, kisha anakutumia chochote ili anwani yake ikae kwenye historia yako, akingoja siku utakapoinakili kwa haraka. Herufi za ukaguzi hazikusaidii hapo. Zinathibitisha kwamba anwani imeandikwa sawa; hazijui umekusudia kumlipa nani. Ukituma umetuma. Hakuna namba ya huduma kwa wateja, na muamala haurudi.

M-Pesa kabla ya kutuma inakuletea jina. Tumelizoea jambo hilo hadi hatulioni, ila ni ulinzi mkubwa kuliko hesabu nyingi: unasoma jina, unasema siye, unaghairi. Mpwa wangu amejiwekea utaratibu wake, na ni wa busara. Hanakili anwani kutoka kwenye historia. Amehifadhi anwani za wateja kwenye pochi akizipa majina kwa mkono, na malipo makubwa huyatanguliza kwa kiasi kidogo, anampigia mwenzake, “Imefika?”, ndipo anatuma zilizobaki. Mtandao wa Tron una anwani nyingi kuliko hesabu za kawaida, na yeye ameurudishia salamu za barua za Kisiwani.

Serikali nayo imekuwa ikilitafuta jina. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu za namna hii hazitambuliwi na sheria za nchi na kwamba fedha halali ni shilingi. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, ikimtwika kazi ya kuizuia yule mwenye jukwaa au anayewezesha ubadilishanaji. Sheria imelenga mahali sahihi. Haikwenda kwenye anwani, kwa sababu anwani haina mlango wa kugonga. Imekwenda kwa dalali.

Kwani USDT haiwezi kununua ufuta wala kulipa kodi ya kibanda mjini Lindi. Mpwa akitaka shilingi, anaingia kwenye jukwaa, anampata mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au popote, anazipeleka huko dola zake kutoka kwenye anwani isiyo na jina, na sekunde chache baadaye simu inalia: umepokea kiasi kadha kutoka kwa fulani bin fulani, salio lako jipya ni hili. Ujumbe huo una namba ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole, jina kamili, tarehe na saa, na saa hiyo inalingana na mstari mmoja katika daftari la dunia nzima. Anayetaka kujua anwani ile ni ya nani ana mstari wa kuanzia, pamoja na miamala yote iliyoitangulia tangu siku ilipofunguliwa. Nilimuuliza kama hilo linamsumbua. Alisema linamsumbua kidogo, kisha akamgeukia mteja aliyetaka chaja.